Ng'ombe Aliyejulikana kwa Pembe Zake

Andiko: Kutoka 21:28-32; Mithali 23:29-35; Filemoni 10-19

 

Fungua Biblia yako Kutoka sura ya 21. Najua hii ni sura tunayoiruka. Tukimaliza zile Amri Kumi za sura ya 20, wengi wetu tunakimbilia ndama wa dhahabu kule sura ya 32, kwa sababu hapo katikati ni mambo ya mashimo, na punda, na ng'ombe wa jirani. Leo hatuondoki kwa ng'ombe. Mwambie jirani yako: leo ni ng'ombe.

Mungu anamwambia Musa hivi. Ng'ombe akimpiga mtu pembe, mwanamume au mwanamke, na huyo mtu akafa, ng'ombe atapigwa mawe na nyama yake haitaliwa. Na mwenye ng'ombe? Aende zake, hana hatia. Hiyo ni aya ya 28. Mnyama alishtuka, hakuna aliyejua, ni msiba umewapata watu wawili siku moja. Sasa soma aya ya 29 polepole. Kama ng'ombe huyo amekuwa na mazoea ya kupiga pembe tangu hapo, na mwenyewe ameambiwa, naye hakumfungia, kisha ng'ombe akaua, hapo ng'ombe atapigwa mawe na mwenyewe pia atauawa.

Ni ng'ombe yule yule, pembe zile zile, na maiti ni moja katika aya zote mbili. Kilichobadilika ni nini? Ni kwamba watu walijua. Mungu anaweka mstari hapo hapo, kati ya mara ya kwanza na mara ya pili, kati ya asiyejua na aliyeambiwa.

Wenzangu mliokulia nyumba ya ng'ombe mnaelewa. Kule Kinoo na Kikuyu, ng'ombe akishapiga mtoto mara moja, hata kama hakumuumiza, hafungwi tena kwa kamba ya mkonge. Anatafutiwa mnyororo, na watoto wote wa majirani wanaambiwa wasipite upande ule. Hakuna anayesubiri mara ya tatu ndiyo aite mkutano.

Sasa nataka niwaambie jambo ambalo nimelibeba tangu Februari. Mke wa ndugu nitakayemsema ameketi hapa, nilimuomba ruhusa na akanipa. Jina silitaji, na ninyi mnaojua msilitaje nje ya hapa.

Ndugu huyu tunampenda. Amesaidia kupanga viti hapa miaka mingi. Ana gari, anafanya kazi ya ofisi katikati ya jiji, na Ijumaa jioni alikuwa na marafiki wa Kilimani. Mara ya kwanza alishikwa Waiyaki Way akitoka tauni, Desemba, akapulizishwa kile kifaa, akalala ndani, asubuhi akapelekwa kortini, akapigwa faini. Sisi tulifanya nini? Tulichanga. Nakumbuka ndoo ilipita baada ya ibada ya pili, na nilisimama hapa nilipo nikasema adui amemjaribu ndugu yetu lakini ameshindwa. Mkapiga makofi. Yeye mwenyewe akatoa ushuhuda mfupi, tukacheka kidogo, yakaisha.

Na wacha niseme ukweli wote, kwa sababu leo sitaki kubakisha. Katika kundi letu la WhatsApp, lile la ushirika wa nyumba kwa nyumba, mtu aliandika msimu ule ule: wapendwa, Alcoblow iko James Gichuru leo usiku, pitieni njia nyingine. Watu walijibu kwa mikono ya maombi. Na mimi nilikuwa ndani ya kundi hilo. Niliona, nikanyamaza. Tulikuwa tunamfungulia ng'ombe lango la nyuma, halafu tunasema Amina.

Mara ya pili ilikuwa kama mwaka mmoja baadaye. Safari hii wakili wake alinipigia simu, akasema Pasta, hakimu akipata barua kutoka kwa kanisa itasaidia. Nikaandika. Niliandika kwa karatasi yenye nembo ya kanisa, na muhuri. Nilisema namfahamu, ni baba wa watoto watatu, ni mtu wa tabia njema, na nikaongeza kwamba jambo hili si kawaida yake na hajawahi kujulikana kwa kosa la namna hii.

Mliopita kortini mnajua jinsi inavyokwenda. Kiongozi wa mashtaka anasimama anasema mshtakiwa hana rekodi ya nyuma, achukuliwe kama mkosaji wa mara ya kwanza. Ni maneno machache tu, yanasemwa haraka kwa sababu foleni ni ndefu. Siku ile yalisemwa. Kwa nini faili ya kwanza haikuonekana, mimi sijui, na sitamlaumu mtu. Ninachojua ni kwamba ndani ya chumba kile kulikuwa na watu wanne waliojua kwamba si mara ya kwanza: mshtakiwa, mkewe, wakili, na mtumishi wa Mungu aliyekuwa ameketi kiti cha pili akiwa amevaa kola. Hakimu alisoma barua yangu, akatikisa kichwa, akatoa faini ndogo kuliko ya kwanza.

Nilirudi nyumbani nikiwa najisikia vizuri. Nilisema Bwana ametupa kibali.

Mara ya tatu ilikuwa Naivasha Road, Kawangware, saa kumi na moja asubuhi, siku ya Jumamosi. Alikuwa anatoka Kilimani kwenda kwake Uthiru. Kuna dada alikuwa anapanga chupa zake za uji na chai pale kando ya barabara, wale wa mjengo huwa wanapita mapema. Alikuwa na miaka 26. Aliishi siku tatu.

(Tulinyamaza hapa kwa muda.)

Kesi ilipotajwa nilienda. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la nje pale kwenye ukumbi, wakili akanijia, akainama, akasema Pasta tutahitaji barua tena, kama ile ya mwaka ule. Hakujua, wala mimi sikujua, kwamba mama aliyekuwa ameketi upande wangu wa kulia, na leso imefungwa kiunoni, alikuwa mamake marehemu. Wakili alipoondoka, mama alinigeukia. Hakuwa na hasira. Aliniuliza, "Kwani alikuwa ameshikwa siku nyingine?"

Nikasema, "Ndiyo, mama. Mara mbili."

"Na nyinyi mlikuwa mnajua?"

"Tulijua."

Akatazama chini muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi niliambiwa ni ajali."

Wapendwa, tangu siku ile nimekuwa nikisoma Kutoka 21.

Wengine wenu mmesikia watu wakisema Kenya inahitaji sheria ngumu: ukishikwa mara ya pili umelewa kwenye usukani, kifungo cha lazima, hakuna faini, hakuna barua ya pasta. Wazee wetu wawili wamenifuata ofisini na jambo hilo. Wacha tuliangalie bila kelele, kwa sababu kelele ni rahisi.

Sheria ya Trafiki, kifungu cha 44, inasema anayeendesha gari akiwa amelewa kinywaji au dawa kiasi cha kushindwa kulidhibiti anaweza kufungwa hadi miaka 10, au kutozwa faini hadi shilingi 500,000, au vyote viwili. Watu wakisikia miaka 10 wanasema sheria tunayo. Lakini shika hilo neno "hadi". "Hadi" ni dari. Haina sakafu. Chini ya dari hiyo hakimu anaweza kutoa elfu ishirini ulipe kwa simu urudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Na oneni pia, sheria imetaja kinywaji na dawa pamoja. Yule anayetafuna muguka usiku kucha akichanganya na vidonge ili afikishe mzigo, asifikiri mahubiri haya ni ya watu wa bia.

Kile kifaa cha kupuliza kina hadithi yake. Kililetwa barabarani Desemba 2013. Watu wakakipinga kortini, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikasema kanuni zake hazilingani na sheria mama, kwa sababu sheria mama inataka ithibitishwe kwamba dereva ameshindwa kudhibiti gari, si kwamba amepita kipimo fulani tu. Mwaka 2023 serikali ikatangaza kukirudisha. Katika hayo yote, mabishano yalikuwa juu ya pumzi: ni kiasi gani, inapimwaje. Sikusikia watu wengi wakibishana juu ya kumbukumbu, yaani nani ameshawahi kupatikana na sasa amepatikana tena. Musa alianzia hapo.

Ndugu zetu walioko Kanada, na tuna familia hapa zenye watoto kule, wanaishi chini ya sheria yenye ngazi. Mara ya kwanza, faini isiyopungua dola 1,000. Mara ya pili, jela isiyopungua siku 30. Mara ya tatu, siku 120. Hakimu anaweza kupanda juu ya hapo, hawezi kushuka. Nilipoisoma nilisema, hawa watu wamesoma aya ya 28 na ya 29.

Basi tuseme Amina, tuandike sheria hiyo, twende nyumbani? Pole pole.

Kuna dada yetu hapa ambaye ni wakili, alinikalisha chini baada ya maombi ya Jumatano akaniambia mambo mawili, na yote mawili yaliniuma. La kwanza: adhabu ya lazima inamfunga hakimu macho. Alinikumbusha kwamba mwaka 2017 Mahakama yetu ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, ilisema hukumu ya kifo ya lazima kwa mauaji haipatani na Katiba, kwa sababu mtu hapewi nafasi ya kusikilizwa juu ya adhabu yake. Kisha mwaka 2024 mahakama hiyo hiyo, katika kesi ya dhuluma za kingono, ikarudisha kifungo cha miaka 20 kilichokuwa kimepunguzwa, ikashikilia kwamba kima cha chini kilichowekwa na Bunge kinabaki. Kwa hiyo mlango haujafungwa, lakini si mlango wa kuingia ukikimbia.

La pili ndilo lililonizuia kulala. Aliniuliza, Pasta, unafikiri kesi hizi zinakufa wapi? Nikasema kortini. Akacheka. Akasema zinakufa saa nane usiku kando ya barabara, kabla faili haijafunguliwa. Ukiweka jela ya lazima kwa mara ya pili, na usiku ule ubaki kama ulivyo, bei ya usiku ndiyo itapanda. Mwenye nacho atalipa zaidi na kwenda kulala. Atakayefika kwa hakimu ni dereva wa matatu asiye na kitu mfukoni, na huyo ndiye atakayefungwa kwa lazima. Nilimuuliza, kwa hiyo tusifanye? Akasema, sikusema hivyo. Nimesema anza kuhesabu kutoka barabarani.

Nami nimefika hapa, na mnaweza kunipinga, wazee watanipinga hata kabla ya chai: nakubaliana na ngazi. Mara ya kwanza hakimu awe na nafasi yote ya kutazama mtu na hali yake. Mara ya pili kuwe na sakafu. Leseni iondoke kwa miaka, siyo kwa miezi. Kifungo kiwepo, hata kama ni kifupi, kwa sababu faini ni lugha ambayo mwenye mshahara anaielewa kama ada ya maegesho. Na matibabu yawe sehemu ya hukumu, siyo hiari. Soma Mithali 23 mpaka mwisho wa sura uone kwa nini nasema hivyo. Yule mlevi amepigwa lakini hakusikia uchungu, ameyumba kama mtu aliyelala juu ya mlingoti wa meli, na jambo la kwanza analowaza akizinduka ni kwenda kuitafuta tena. Huyo humtoi kwa kumtoza pesa. Suleimani alimjua vizuri kuliko Bunge letu.

Na tazama, hata Musa aliacha dirisha. Aya ya 30 inasema mwenye ng'ombe anaweza kuwekewa ukombozi, akalipa kila atakachowekewa. Wanaotaka huruma wanaipenda aya hiyo, na mimi naipenda. Lakini uliza ukombozi huo unawekwa kwa ajili ya nani. Kuna watu wa ukoo wamefiwa. Faini zetu mbili zilikwenda kwa serikali, na ile ndoo yetu ilimtajirisha nani katika Kawangware? Yule mama aliuza kitanda apate nauli ya kupeleka mwili nyumbani. Hilo niliambiwa baadaye na jirani yake, siyo na yeye.

Zaidi ya watu 4,000 hufa kwenye barabara za Kenya kila mwaka, na kundi kubwa kati yao ni wanaotembea kwa miguu. Si wote wameuawa na walevi, sitaki kusema uongo madhabahuni. Lakini hesabu wewe ni wangapi kati yetu tuliokuja kwa miguu asubuhi hii, tukivuka Waiyaki Way.

Sasa turudi kwa barua. Fungua Filemoni, ni kurasa mbili tu, usipite. Paulo naye aliandika barua ya kumtetea mtu. Onesimo alikuwa amemkosea bwana wake. Paulo hakuandika kwamba Onesimo ni mtu wa tabia njema asiyejulikana kwa kosa lolote. Aliandika wazi kwamba huyu zamani hakukufaa. Halafu akasema kama amekudhulumu au unamdai kitu, kiweke katika hesabu yangu, mimi nitalipa. Aliandika kwa mkono wake mwenyewe. Yaani barua ya Paulo ilikuwa na kosa ndani yake, na ilikuwa na gharama. Yangu haikuwa na kosa wala gharama. Ilikuwa na muhuri.

Nilipoilinganisha na yake nilifunga Biblia nikatoka nje nikatembea mpaka Kangemi na kurudi.

Kwa hiyo haya ni mambo ya nyumba yetu, na baraza la wazee limekubali Alhamisi. Ofisi hii haitatoa tena barua ya tabia kwa mtu yeyote aliye na kesi bila kuandika yote tunayojua, mazuri na mabaya. Ukitaka barua, jua hivyo kabla hujaomba. Hakutakuwa na mchango wa faini ya kulewa kwenye usukani. Tutachangia matibabu, na tutachangia waliofiwa. Yule anayeweka habari za vizuizi vya polisi kwenye kundi la ushirika atatolewa siku hiyo hiyo, hata kama ni mzee. Na kwa wake, na waume, na vijana mnaoishi na baba wa namna hii: kuficha ufunguo si dhambi. Mkinipigia Ijumaa usiku nitakuja mimi au shemasi mmoja na teksi, na hatutahubiri. NACADA wana nambari ya bure, 1192. Iandike kwenye simu yako sasa, usione haya, jirani yako naye anaandika.

Mtu ataniuliza, Pasta, ndugu yetu amesamehewa au hakusamehewa? Nilimtembelea rumande. Alilia, nikalia, tukaomba. Damu ya Yesu inatosha kwa ajili yake, silitilii shaka hilo hata kidogo. Kisha aliniuliza kama nitaandika. Nikamwambia nitaandika. Nikamsomea nitakachoandika, na akakaa kimya, halafu akasema, "Andika tu, Pasta." Huo nauhesabu kuwa ushuhuda wake wa kwanza wa kweli.

Kesi inarudi mwezi ujao. Barua ninayo hapa mfukoni, ni fupi. Inasema nimemfahamu kwa miaka 11. Inasema alishikwa mara mbili kabla ya siku hii na kanisa lilijua. Inasema mimi niliandika barua mwaka ule isiyokuwa ya kweli, na niko tayari kuulizwa juu yake. Inasema watoto wake watatu tutawalea, na mtoto mmoja wa marehemu, wa darasa la pili, karo yake tumeiweka katika hesabu yetu mpaka amalize shule. Nimeiandika kwa mkono.

Nilimpelekea mama yule nakala kabla ya kumpa wakili. Hakusema ni nzuri wala mbaya. Aliikunja akaiweka kwenye leso. Ameniambia huenda akaja Jumapili ijayo, lakini hataki kuitwa mbele, na hataki kuombewa kwa sauti, anataka kukaa tu. Mashemasi wa mlangoni, mmesikia. Mpeni kiti cha karibu na dirisha, na mtu yeyote asimuulize anatoka kanisa gani.

Tusimame, tuombe.